Mchanga Uliooshwa Mara Saba

Wiki iliyopita fundi alikuja kuziba kioo cha dirisha la bafu letu. Alipobonyeza tyubu ya silikoni, harufu kali kama ya siki ilijaa chumba, nami nikatoka nje haraka. Fundi aliniuliza kama nina pumu. Nilimwambia ni vumbi tu. Ningemweleza vipi kwamba kwangu mimi harufu ile ni karakana ya baba yangu kule Mbunya, mtaa wetu wa Bunia, mashariki mwa Kongo, ni sanduku la kioo lenye samaki watatu, na ni kaka yangu?

Wale mliokulia Bunia miaka ile mtayakumbuka madirisha yetu. Risasi zilikuwa zimenyamaza, wanajeshi wa kofia za bluu walipita na magari yao meupe, shule zilikuwa zimefunguliwa, lakini nyumba nyingi bado zilikuwa na mbao au plastiki mahali pa vioo. Baba, tuliyemwita Papa, alikuwa fundi wa vioo. Hakuhitaji redio kujua hali ya nchi. Watu wakija kuagiza kioo, alisema amani imesogea. Wakija kuulizia mbao, alimwambia Mama anunue chumvi na sabuni, na sisi watoto tukaambiwa tuweke viatu karibu na mlango, tayari kukimbia.

Katika majuma ya kioo alikuja mwalimu mmoja wa biolojia ambaye mtaani tulimwita Prof. Alikuwa na mchoro wa sanduku la kufugia samaki, akwariamu. Papa aliugeuza mchoro huku na huku, akacheka.

"Prof, batu banakosa kioo ya dirisha, weye unatafutia samaki nyumba ya vioo?"

"Papa, banafunzi yangu bameona vitu mingi vinakufa," Prof alijibu. "Nataka baone kimoja kinaishi."

Papa hakucheka tena. Alikata vipande vitano kutoka kwenye mabaki ya vioo vikubwa, akaviunganisha kwa silikoni, na kwa siku tatu nyumba yetu yote ikanuka siki. Kabla sanduku halijakauka vizuri, milio ilisikika upande wa milimani, watu wakaanza kuulizia mbao, na Prof akahamia kwa ndugu zake. Alituachia karatasi moja aliyoandika kwa mkono, kwa Kifaransa, yenye maelezo ya kutunza samaki, akasema atarudi. Milio ilinyamaza baada ya siku chache. Yeye hakurudi. Sanduku lilibaki kwenye meza ya karakana, na karatasi ya Prof ilibaki kwangu, kwa sababu Papa alisoma Kifaransa polepole na mimi nilikuwa wa kwanza darasani.

Kaka yangu mkubwa tulimwita Yaya, kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao, nao wakubwa hutuita sisi wadogo leki. Papa alikuwa akimfundisha kazi. Kioo hukatwa kwa pumzi moja: unashika kile kisu kidogo chenye gurudumu ambacho Papa alikiita diama, unavuta mstari mmoja bila kusimama, kisha unagonga, na kioo kinaachana kwa mlio mwembamba kama wa kijiko kwenye kikombe. Ukitetemeka katikati, kioo kinachagua njia yake chenyewe. Yaya hakutetemeka. "Mukono ya huyu mutoto haina haraka," Papa aliwaambia wateja, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kumsikia akimpa mtu.

Lakini rafiki zake walirudi kutoka machimbo ya Mongbwalu na pikipiki na jaketi za ngozi, na Yaya akaanza kuzungumzia dhahabu. Papa alimkatalia kwa majuma mawili.

"Kule banavunja mawe. Hapa unakata kioo. Ukizoea mawe, kioo itakukataa."

"Ni miezi sita tu, Papa. Nitarudi, diama itanikuta."

Asubuhi aliyoondoka, Yaya alinichukua hadi mto Nyamukau tukiwa na kipande cha chandarua cha zamani. Tulivua kambale watatu wadogo, kila mmoja urefu wa kidole changu cha kati, na kila mmoja tayari ana ndevu zake kama mzee. Tuliwatia kwenye sanduku la Prof. Mama alikuwa amesimama mlangoni, anajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Yaya alichuchumaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya utani ili Mama asikie:

"Leki yangu, uniangalilie hawa. Ukibaona bazima, ujue na miye niko muzima."

Sikujua kwamba watu wakubwa husema maneno kama hayo ili waweze kuondoka bila kulia. Niliyachukua kama sheria. Tangu asubuhi ile, nikiamka, kabla ya kunawa uso nilikwenda karakana kutazama kama kaka yangu yu hai.

Kambale hawakutulia. Sakafu ya kioo ilikuwa tupu, nao ni samaki wa chini, wanaishi kidevu kikigusa ardhi. Walizunguka usiku na mchana, wakigonga pembe. Karatasi ya Prof ilisema samaki wa namna hii lazima apewe mchanga, tena si mchanga wowote, na ikatoa majaribio manne. Niliyanakili kwenye daftari langu kwa Kiswahili, nikachora na safu za kuandikia ndiyo na hapana.

La kwanza, uoshe mchanga mpaka maji juu yake yawe safi kiasi cha kusoma herufi za kitabu upande wa pili wa glasi. La pili, udondoshee siki. Ukitoa povu una chokaa, utabadilisha maji. La tatu, upitishe sumaku, uondoe chuma. La nne, uupake kwenye ngozi laini, shavuni au ndani ya mkono. Ukikwaruza, usiutumie, kwa kuwa kambale hutafuta chakula kwa ndevu zake, na mchanga wenye makali huzimaliza.

Siki tulikuwa nayo. Sumaku Papa aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Lakini jaribio la nne hakuliweza. Viganja vyake na mikono yake mpaka kiwiko ilikuwa imekatwa na vioo mara nyingi hata haikuhisi tena kitu kidogo, na shavu lake lilikuwa na ndevu ngumu. Kwa hiyo jaribio la nne likawa kazi ya shavu langu.

Mchanga wa Nyamukau ulishindwa kwenye la kwanza. Baada ya mabeseni kumi maji yalikuwa bado rangi ya chai. Mama mmoja muuza samaki aliyetoka Kasenyi, ziwani, alituletea mfuko wa mchanga mweupe mzuri. Papa aliudondoshea siki, ukachemka kama soda. Ulikuwa umejaa vipande vya makombe ya konokono. Nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa. Kambale waliendelea kuzunguka, na mimi nikaanza kuogopa.

Barua za Yaya zilifika kwa mikono ya madereva wa malori, kila baada ya majuma machache, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Zote zilianza na maneno mawili: Niko muzima. Kisha alimsalimu Papa, Mama, na kuuliza habari za wale watatu. Nilikuwa mtoto wa utaratibu. Nilizipanga ndani ya daftari langu la mchanga kwa jinsi zilivyokuja, ya kwanza chini, ya mwisho juu. Niliona kwamba mwandiko wake unabadilika. Ule wa kwanza ulikuwa umenyooka, kama wa shuleni. Wa tatu ulikuwa mkubwa zaidi. Wa tano ulipanda na kushuka.

"Yaya anaandikia ndani ya gari," nilimweleza Mama. "Barabara ya kule ni mbaya."

Mama aliridhika. Mimi pia niliridhika. Niliona fahari kuwa nimeligundua jambo hilo mwenyewe.

Mimi ndiye niliyemwomba mchanga. Nilimwandikia kwamba Papa anatafuta mchanga uliooshwa sana, na kwamba kwao Mongbwalu kazi yao mchana kutwa ni kuosha mchanga. Bila shaka hapakuwa na mchanga safi kuliko wao katika Kongo nzima. Hivyo ndivyo nilivyofikiri: kitu kikioshwa mara nyingi, kinakuwa safi mara nyingi. Sikujiuliza wanauosha na nini.

Ulifika ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga, mdomo umefungwa kwa kitambaa. Barua ilisema: Niko muzima. Mchanga huu umepita kwenye kinu, umepita kwenye maji, na mimi mwenyewe nimeuosha tena mara saba. Wape wale watatu, waambie ni nyumba yao.

Tuliuweka kwenye beseni, Papa na mimi. Maji yake yalikuwa safi tangu mwanzo. Nilisoma kurasa mbili za kitabu changu cha jiografia kupitia glasi. Siki, kimya kabisa. Sumaku ilinyanyua chembe nyeusi kidogo, Papa akaipitisha tena na tena mpaka haikunyanyua kitu. Mchanga ulimetameta kwenye jua kama sukari. Papa akachota kiganja kimoja akanipa.

Niliuweka shavuni, nikausugua. Ulikwaruza. Haukuumiza sana, ulikuwa kama ulimi wa paka. Lakini mchanga wa Kasenyi haukuwa umefanya hivyo, wala hata ule wa Nyamukau.

"Shavu inasema nini?" Papa aliuliza.

Nilimtazama Papa, nikatazama lile kopo lililosafiri juu ya lori kutoka kwenye mikono ya kaka yangu.

"Inasema muzuri, Papa."

"Hakika?"

"Hakika."

Aliniamini. Kwa nini asingeniamini? Kambale walishuka juu ya mchanga ule wakatulia kwa mara ya kwanza, na kwa majuma mawili nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Mama ndiye aliyeanza kuona. Alikuwa amekuja karakana kumletea Papa chakula, akainama mbele ya kioo.

"Kumbe! Si banasema nyumba ya kambale kila mutu iko na ndevu? Hawa benu banaenda kwa kinyozi?"

Papa alicheka. Mimi nilicheka pia, nikasogea kutazama. Ndevu zilikuwa zimefupika, na ncha zake zilikuwa nyekundu. Baada ya siku chache zilikuwa vishina. Samaki wa kwanza nilimkuta ubavu juu asubuhi moja kabla ya shule. Wa pili alifuata ndani ya juma hilo. Niliwazika nyuma ya nyumba, nikamwandikia Yaya: Wote watatu bazima.

Yaya alirudi bila kutuarifu, miezi minne baada ya kuondoka, nyuma ya lori la mbao. Alikuwa amekonda. Mama alimpa chai, na kikombe kikaanza kugonga sahani, haraka haraka, mlio wa meno ya mtu mwenye baridi. Alikirudisha mezani, akakishika kwa mikono miwili, kikagonga tena. Nilidhani amechoka na safari. Jirani yetu mmoja alisema nyuma ya ukuta, kwa sauti ya kusikika, kwamba kariere, yaani machimbo, imemfundisha mtoto wa watu lotoko, ile pombe kali. Mama hakukubali. Aliamini kuna mtu kule machimboni aliyemwonea wivu na kumtupia kitu. Fizi za Yaya zilitoa damu. Alisema kila chakula kina ladha ya sarafu.

Siku ya tatu Papa alimwita karakana, akamwekea diama mkononi na kipande cha kioo mezani. Sijui Papa alitaka nini. Labda alitaka kuona tu. Yaya aliweka rula, akavuta pumzi, akaanza mstari. Ulikwenda vizuri upana wa kiganja, kisha ukatambaa kando kama sisimizi. Alipogonga, kioo kilipasuka vipande vitatu. Papa alichukua ufagio, akafagia mwenyewe, kazi ambayo siku zote ilikuwa yangu.

Ndipo Yaya alipogeuka akaliona sanduku.

"Bengine bako wapi?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu kwa siku tatu. Badala yake nilianza kulia. Nilimwambia yote: jaribio la nne, shavu langu, ndevu, kaburi nyuma ya nyumba. Nilimwambia kwamba nilidanganya, na kwamba ndiyo sababu mikono yake imekuwa vile, kwa sababu yeye mwenyewe alisema wakiwa wazima naye ni mzima.

Yaya aliingiza mkono ndani ya maji, mkono ukayatikisa mpaka juu. Alitoa mchanga, akaupaka shavuni mwake.

"Inakwaruza," alisema. "Hii haijatembea, leki. Jiwe iliingia kwa kinu asubuhi, mangaribi iko muchanga. Kona zake zote ziko mupya."

Akakaa juu ya kigogo. Alizungumza na mimi, lakini Papa alikuwa nyuma yake, amesimama na ufagio.

"Na ndani yake kulikuwa merkire." Alimaanisha zebaki, ile fedha ya maji. "Unaimwanga kwa beseni, unaikoroga na mikono, inakamata dhahabu. Kisha unaikamua kwa kitambaa, unaichoma kwa sufuria. Moshi yake haina hata harufu. Mi nilifikiri nikisukula mara saba itatoka yote. Nilikusukulia muzuri."

Papa alikuwa akitazama mikono ya mwanawe.

"Na hii mikono," aliuliza polepole, "ulikuwa unasukula na nini?"

"Na sabuni, Papa."

Mchanga ule Papa aliufukia ndani ya kopo lake, shimo refu, mbali na kisima. Kambale mmoja aliyebaki alirudi kwenye sakafu tupu. Yaya akasema yeye ndiye atamtafutia mchanga, maana sasa anaujua. Kesho yake tulitembea watatu, mimi, Yaya na Papa, mpaka mto Shari. Ilituchukua asubuhi nzima kwa sababu Yaya alipumzika mara nyingi. Hakuchota popote tu. Alitafuta mahali mto unapopinda, upande wa ndani, ambako maji yanachoka na kuacha mzigo wake. Alipojaribu kupepeta, karai lilimwagika lote. Basi nilimshika vifundo vya mikono, kimoja kwa kila mkono, nikabana kwa nguvu zangu zote, na hivyo tukapepeta pamoja. Nilihisi mtetemo wake ukipanda mpaka mabegani mwangu.

Alinionyesha chembe kwenye kiganja. "Angalia. Zimekuwa muviringo. Hizi zimetoka mbali."

Tuliporudi tulifanya majaribio yote manne mbele ya Papa. La nne Yaya alilifanya kwanza, kisha akaniwekea shavuni.

"Sema kweli."

"Haiumi."

"Sema tena."

"Haiumi, Yaya."

Yule kambale alijizika ndani ya mchanga wa Shari mpaka macho. Na ndevu zake zikaanza kuota. Nyie msiofuga samaki huenda hamjui kwamba zinaweza. Kwanza kama nyuzi, nyeupe, halafu zikashika rangi. Kila asubuhi niliweka rula ya Papa juu ya kioo, nikapima, nikakimbia kwenye mkeka ambako Yaya alikuwa akilala siku nyingi sasa, miguu na uso vimevimba.

"Zimeongezeka!"

"Ngapi?"

"Milimita mbili. Na mikono yako itafuata."

"Njo vile, leki," alisema. "Itafuata."

Papa na Mama walimpeleka hospitali, nami nikaenda kwa sababu hapakuwa na wa kukaa nami nyumbani. Daktari alikuwa mpole na amechoka. Aliuliza maswali mengi, na mojawapo alilirudia: mikono ilianza kutetemeka lini?

"Tangu alifika nyumbani, Docteur," Papa alisema. "Iko kama mwezi moja."

"Kule alikuwa muzima," Mama aliongeza. "Aliandika."

Yaya alikuwa ametazama dirishani. Mimi nilikuwa kwenye benchi, daftari langu mapajani. Ndani yake mlikuwa na barua zote, zimepangwa, ya kwanza chini, ya mwisho juu. Jibu alilolitafuta daktari lilikuwa mapajani mwangu, na sikulifungua. Nilidhani lile ni daftari la mchanga.

Sijui kama lingesaidia. Nimewauliza madaktari wawili tangu nilipokuwa mtu mzima, na wote wawili walinipa jibu linalopewa watu wanaohitaji kulala. Yaya alikufa kabla mvua hazijakoma. Walisema ni mafigo. Ndani ya begi lake Mama alikuta barua yangu, ile ya Wote watatu bazima, imekunjwa ndogo na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki isilowe.

Kwetu jeneza huwekewa kidirisha cha kioo ili watu wauage uso wa marehemu. Mafundi wengine wa vioo walijitolea kukikata. Papa aliwashukuru, akafunga mlango wa karakana. Mimi nilikuwa ndani. Aliweka rula, akavuta mstari kwa pumzi moja, akagonga, na kioo kikaachana kwa mlio wa kijiko kwenye kikombe. Kisha akachukua tyubu ya silikoni. Usiku kucha watu waliimba na kusali, na chini ya nyimbo na moshi wa kuni mimi nilisikia harufu ya siki.

Yule kambale aliishi mpaka akawa mkubwa kuliko sanduku. Tulimrudisha mtoni.

Fundi wa bafu alipoondoka wiki iliyopita, nilifungua madirisha yote, kisha nikatoa lile daftari na kuzipanga barua mezani, moja kando ya nyingine. Katika ya kwanza, maneno Niko muzima yamekaa juu ya mstari, yametulia kama ndege kwenye waya. Katika ile iliyokuja na mchanga, yamechukua mistari mitatu, na kalamu imetoboa karatasi mara mbili. Siku ile nilimsomea Mama maneno hayo kwa sauti, mbele ya kopo, bila kukwama hata mara moja.